Arthur Wharton: Mlinda Lango Aliyesahaulika

Wapenzi wa kandanda wanaoifahamu historia ya klabu ya Preston North End hawakosi kuutaja msimu wa 1888-89. Katika msimu huo timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwanza kabisa ya Uingereza bila kushindwa katika mechi zote 22, kisha ikanyakua Kombe la Chama cha Soka bila kufungwa hata bao moja. Miongoni mwa mashujaa wale hakuna jina la Arthur Wharton, aliyewahi kulilinda lango lilo hilo na kuondoka mwaka 1888.

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 Jamestown, mjini Accra, katika koloni la Gold Coast ambalo leo ni Ghana. Babake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada, mwenye damu ya Kiskoti na ya Kiafrika. Mamake alinasibishwa na ukoo wa kifalme wa Wafante. Kijana huyu alipelekwa Uingereza ili asomee kazi ya Mungu. Lakini alipofika Darlington, viwanja vya michezo vilimteka kuliko mimbari.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na mbio. Mnamo Julai 1886, katika mashindano ya kitaifa uwanjani Stamford Bridge, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, muda ambao haukuwa umefikiwa katika mashindano hayo. Aidha, alicheza kriketi na kuendesha baiskeli kwa ustadi. Wakati huo alikuwa tayari kipa wa Darlington, na Preston wakamtwaa akiwa bado mchezaji wa ridhaa. Akiwa nao alifika nusu fainali ya Kombe mwaka 1887, wakalazwa mabao 3-1 na West Bromwich Albion.

Namna yake ya kudaka ilikuwa kioja. Sheria za enzi zile ziliwapa washambuliaji nafasi ya kumkumba kipa kwa mabega, hivyo makipa wengi walijiumiza kwa kusimama wima katikati ya lango. Wharton aghalabu alichutama kando ya mlingoti, kisha akachomoka kwa kasi ya mkimbiaji pindi hatari ilipokaribia. Yasemekana pia kwamba aliwahi kuning'inia kwenye mtambaapanya na kuunasa mpira kwa miguu. Watazamaji walicheka na kushangilia, ingawa nadhani kicheko hicho ndicho kilichomponza: aliyepaswa kusifiwa kwa ustadi akakumbukwa kama mchekeshaji, na rangi ya ngozi yake ikaurahisishia ulimwengu wa wakati ule hukumu hiyo.

Mwaka 1889 alijiunga na Rotherham Town kwa malipo, na kwa hiyo wanahistoria wengi humtambua kuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa. (Tusimchanganye na Andrew Watson, aliyekuwa nahodha wa Scotland mapema zaidi, mwaka 1881.) Sheffield United walimsajili mwaka 1894, lakini lango lao lilikuwa mikononi mwa William Foulke, kijana wa miraba minne aliyekuja kuwa kipa mashuhuri. Wharton alicheza mechi moja tu ya ligi kuu, dhidi ya Sunderland. Baadaye alihamahama katika vilabu vidogo vya kaskazini hadi Stockport County, alikostaafu mwaka 1902. Timu ya taifa ya Uingereza haikumwita hata mara moja.

Klabu huyaandika majina ya waliobeba vikombe. Aliyepita klabuni mwaka mmoja kabla ya kikombe, au akakaa benchi nyuma ya nyota, hana ukurasa. Wharton alipatwa na yote mawili. Alimaliza maisha yake ya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Yorkshire Main, Edlington, akiwa kibarua wa kusafirisha makaa. Alifariki tarehe 13 Desemba 1930 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Kaburi hilo lilikaa bila jina kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1997, baada ya kampeni ya wapinga ubaguzi wa rangi katika soka kutoka Sheffield, jiwe liliwekwa hapo. Mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa St George's Park, kituo cha mazoezi cha timu ya taifa ambayo haikumwita. Amechongwa akiwa ameruka, mkono mmoja ukiusukuma mpira juu ya lango.