Henri La Fontaine: avoka wa amani aliyepewa Nobel miezi minane kabla mizinga kulia Kalemie

KALEMIE – Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani iliyoitwa Hedwig von Wissmann ilifika pale mto Lukuga unapotoka ziwani, ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Hivyo ndivyo vita kuu ya kwanza ya dunia ilivyofika Kalemie, mji uliojulikana baadaye kwa jina la Albertville hadi miaka ya 1960.

Miezi minane tu mbele ya siku hiyo, Desemba 1913, Mbelgiji mmoja alikuwa amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa ametumia miaka mingi akitafuta njia ya mataifa kumaliza ugomvi bila kushika silaha. Jina lake ni Henri La Fontaine.

Alizaliwa Bruxelles tarehe 22 Aprili 1854, akasomea sheria katika chuo kikuu cha mji huo, na mwaka 1877 akaanza kazi ya uavoka. Mwaka 1895 aliingia katika Seneti kwa upande wa wasoshalisti, akakaa humo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alitetea pia haki za wanawake, pamoja na dada yake Léonie, na mwaka 1901 aliandika kitabu kuhusu haki ya mwanamke kuwa avoka.

Lakini jambo lililomshika zaidi ni usuluhishi kati ya mataifa. Wasomaji wetu wanaijua desturi yenyewe. Wafanyabiashara wawili wakigombana kuhusu mzigo, wanaweza kumchagua mtu wanayemwamini wote wawili, na kuahidi mapema kwamba watakubali uamuzi wake hata ukimuumiza mmoja wao. La Fontaine alitaka serikali zifanye hivyo hivyo.

Wengi walimwona kama mwotaji ndoto. Walisema hakuna mfalme wala rais atakayekubali kuhukumiwa na mwingine. La Fontaine hakuwajibu kwa hotuba peke yake. Mwaka 1902 alitoa kitabu kikubwa, Pasicrisie internationale, alichokusanya ndani yake mapatano na maamuzi ya usuluhishi wa mataifa tangu mwaka 1794 hadi 1900. Kitabu kilionyesha kwamba mataifa yalikwisha kukubali kuamuliwa mara nyingi, na yakatii.

Kupenda kupanga karatasi kulimpeleka mbali zaidi. Pamoja na rafiki yake Paul Otlet, mwaka 1895 alianzisha taasisi ya kuorodhesha vitabu vyote vya dunia kwenye kadi, ambazo baadaye zilifika mamilioni. Namna yao ya kupanga vitabu kwa namba bado inatumika katika maktaba za nchi nyingi.

Tangu 1907 aliongoza Ofisi ya Kimataifa ya Amani, na uongozi huo ndio uliompatia tuzo. Miaka ile Nobel iliwatazama sana watu wa usuluhishi: Taasisi ya Sheria ya Kimataifa iliipata mwaka 1904, na mwanasheria Mholanzi Tobias Asser mwaka 1911.

Halafu vita ikaja. Kwa ziwa Tanganyika, sheria ya kuizuia ilikuwepo. Mkataba wa Berlin wa 1885, ulioandikwa bila Mkongomani hata mmoja kuketi mezani, uliyataka mataifa yenye ugomvi katika bonde la Kongo kutafuta kwanza upatanishi wa nchi rafiki. Usuluhishi ulitajwa pia, lakini kwa hiari. Ujerumani na Ubelgiji zote zilitia sahihi. Mizinga ilipolia Lukuga, karatasi hiyo haikumlinda mtu.

La Fontaine alikimbilia Uingereza, kisha Marekani. Huko, mwaka 1916, alitoa kitabu kilichopendekeza dunia iwe na katiba yake na mahakama yake. Baada ya vita alikuwa mjumbe wa Ubelgiji katika Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1922 mahakama ya kudumu ya kimataifa ilianza kazi La Haye. Alifariki Bruxelles tarehe 14 Mei 1943, akiwa na miaka 89, nchi yake ikiwa tena mikononi mwa jeshi la Ujerumani.

Je, alishindwa? Historia ya RDC yenyewe inatoa jibu la pande mbili. Mahakama ya leo ya La Haye, iliyorithi ile ya 1922, iliihukumu Uganda mwaka 2005 kwa vita vya mashariki mwa nchi yetu, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola za Marekani milioni 325. Iliwezekana kwa sababu nchi zote mbili zilikuwa zimekubali mapema kuhukumiwa na mahakama hiyo. Lakini kesi ya RDC dhidi ya Rwanda ilikataliwa mwaka 2006 bila kusikilizwa kwa undani, maana majaji hawakuona mahali ambapo Rwanda ilikubali kuhukumiwa nao.

Ndilo lile lile lililoonekana Lukuga mwaka 1914. Msuluhishi hana nguvu juu ya mtu asiyekubali kuketi mbele yake, na ahadi ya kuketi inatafutwa wakati wa amani. La Fontaine aliitafuta kwa zaidi ya miaka 50.