Kayamba na Haki ya Mtumishi

Kila yanapozungumzwa maslahi ya watumishi wa serikali na wa halmashauri, aghalabu husahauliwa jina la mmoja wa waliotangulia kulifanya jambo hilo kuwa la pamoja. Naye ni Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Asili yake ilikuwa Bonde, na ukoo wake ulitokana na Wakilindi waliotawala Usambara. Hivyo visiwani na Tanga tuna sababu sawa ya kumkumbuka.

Alisoma Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda, kisha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akatiwa kifungoni na Wajerumani. Waingereza walipoishika nchi aliingia ukarani Tanga, akapanda hata kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya. Siku zile mshahara ulipimwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini.

Mwaka 1922, mjini Tanga, Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika walioajiriwa na serikali ya Tanganyika. Lililo kubwa kwetu ni kwamba Wakristo wa shule za misheni na Waislamu wa shule za serikali waliketi baraza moja. Walitambua kuwa aombaye peke yake huitwa mlalamishi, lakini waombao pamoja hawapuuzwi kwa urahisi.

Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata alihamishiwa makao makuu ya serikali, Dar es Salaam, kwa cheo ambacho Mwafrika hakuwahi kukipata nchini. Alistaafu mwaka 1938, wala hakuishi sana baada ya hapo.

Hatumtukuzi kupita kiasi. Aliwaamini mno watawala, na chama chake kilikuwa cha watumishi tu, mkulima hakuwamo. Kazi ya kumwingiza mkulima iliachiwa waliofuata, mpaka TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Hata hivyo, mlango ulikwisha kufunguliwa.

Leo rangi haipimi tena mshahara. Tusikubali umbali ushike nafasi yake. Mwalimu au mganga wa Dindira, huko juu milimani Korogwe penye mashamba ya chai, hulipwa kwa ngazi ile ile ya mwenzake wa mjini. Lakini akilazimika kushuka mlima mara kwa mara, kwa nauli yake mwenyewe, kufuatilia malimbikizo au posho ya uhamisho, ngazi hiyo imekwisha kupunguzwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtumishi wa kisiwa kidogo anayevuka bahari kuulizia faili lake.

Kayamba alikuwa karani, na alijua kwamba ndani ya kila faili mna nyumba ya watu. Ndugu maafisa, hatuna budi kuyafungua mafaili hayo kabla wenyewe hawajaja kubisha hodi.