Ottaway: Wakili wa kriketi aliyekuwa nahodha wa kwanza England

WAULIZE mashabiki wa soka pale Miono wakutajie manahodha wa England. Watakutajia Bobby Moore, David Beckham na Harry Kane. Cuthbert Ottaway hayumo, wakati ndiye aliyewatangulia wote.

Jamaa alizaliwa Julai 1850 mjini Dover, mtoto wa daktari wa upasuaji. Alisoma Eton, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, ambako aliwakilisha chuo kwenye michezo mitano, soka na kriketi ikiwemo.

Kriketi ndiyo ilimpeleka mbali. Mwaka 1872, ule ambao kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar, alikuwa Canada na Marekani kwenye kikosi kimoja na W.G. Grace, mkali wa kriketi wa enzi hizo.

Aliporudi, Novemba 30 mwaka huohuo, akaiongoza England kucheza na Scotland mjini Glasgow, mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi. Ilipigwa kwenye uwanja wa kriketi, mbele ya watazamaji wapatao 4,000. England walijaza washambuliaji wanane, na kila aliyepata mpira aliukokota mwenyewe. Scotland wao wakapasiana. Dakika 90 zikaisha kwa suluhu.

Hakuna aliyelipwa. Ilikuwa soka la ridhaa, kama kijana wa ndondo anayetoka shamba na kuingia uwanjani jioni. Tofauti ni kwamba Ottaway na wenzake wengi walikuwa watoto wa wenye nazo.

Machi 1874 aliinua Kombe la FA akiwa nahodha wa Oxford, baada ya kuichapa Royal Engineers mabao 2-0. Mwezi huohuo England ililala 2-1 kwa Scotland. Hiyo ikawa mechi yake ya pili na ya mwisho timu ya taifa, zote akiwa nahodha.

Baadaye akawa wakili, na mwaka 1877 akamuoa Marion Stinson, binti wa Canada. Ndoa haikufika hata mwaka. Aprili 2, 1878, baridi aliyoipata baada ya usiku wa kucheza dansi ilimuua akiwa na miaka 27. Mkewe alikuwa mjamzito, na mtoto wa kike alizaliwa bila kumuona baba.

Alizikwa Paddington, London. Kaburi lake lilichakaa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2013 lilipowekewa jiwe jipya lenye jina la nahodha wa kwanza wa England.