Aliandika Nancy Drew, jina likawa la mwingine

Pita kwenye vibanda vya vitabu kuukuu jijini Nairobi na uangalie vizuri. Kati ya vitabu vya marudio ya KCSE na riwaya za mapenzi zilizochanika jalada, huenda ukamwona msichana ameshika tochi, anachungulia kitu gizani. Huyo ni Nancy Drew, binti mpelelezi ambaye huenda hata mamako alimsoma akiwa shule.

Juu ya jalada utaona jina la mwandishi: Carolyn Keene. Sasa sikiza. Carolyn Keene hajawahi kuzaliwa, hajawahi kulipa kodi ya nyumba, hajawahi kushika kalamu. Ni jina la kubuni tu.

Aliyeketi kwenye taipureta na kumpa Nancy pumzi ni mwanadada aliyeitwa Mildred Augustine, ambaye baadaye alijulikana kama Mildred Wirt Benson. Kwa miaka karibu 50 wasomaji wengi hawakujua kama yupo.

Mildred alizaliwa Julai 10, 1905, katika mji mdogo wa Ladora, jimbo la Iowa nchini Marekani. Babake alikuwa daktari. Yeye mwenyewe hakuwa msichana wa kukaa kimya sebuleni. Alipenda kuogelea, kupiga mbizi na kusoma kila alichopata. Akiwa bado tineja, hadithi yake fupi ilichapishwa na jarida la watoto lililoitwa St. Nicholas. Kuanzia hapo alijua anataka kuwa nani.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Iowa na kumaliza shahada ya kwanza mwaka wa 1925. Alifanya kazi gazetini kwa muda, kisha akarudi darasani. Mwaka wa 1927 alikuwa mtu wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uanahabari katika chuo hicho. Fikiria hayo kwa msichana wa kijijini enzi hizo.

Lakini kabla hajamaliza masomo, tayari alikuwa ametafuta kibarua. Mwaka wa 1926 alienda New York kukutana na mzee mmoja aliyeitwa Edward Stratemeyer.

Huyu Stratemeyer alikuwa na biashara ya ajabu kidogo. Alikuwa akitengeneza vitabu vya vijana jinsi kiwanda kinavyotengeneza viatu. Yeye alibuni mhusika na kupanga matukio kwenye kurasa chache. Kisha alimtafuta kijana mwenye njaa ya kazi, akampa ile karatasi, na kijana akaigeuza kuwa kitabu kizima. Jalada lilibeba jina la kubuni, jina ambalo lilikuwa mali ya kampuni. Ndiyo maana mwandishi akiondoka au akifa, vitabu vinaendelea kutoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mildred alianza na mfululizo wa Ruth Fielding, uliokuwa umeanzishwa na wengine. Kazi yake ikapendeza. Basi Stratemeyer alipopata wazo la msichana mpelelezi, alimpa Mildred.

Malipo yalikuwa dola 125 kwa kitabu. Mara moja, basi. Hakukuwa na mrabaha, yaani hata kitabu kikiuza nakala milioni, mwandishi hapati senti nyingine. Alitia sahihi kuachia haki zote, na kuahidi kutolitumia lile jina la kubuni kwa shughuli zake. Kwa msichana wa umri wake wakati huo, dola 125 hazikuwa pesa mbaya. Alitia sahihi akijua anachofanya.

Vitabu vitatu vya kwanza vilitoka kwa mpigo Aprili 28, 1930. Cha kwanza ni The Secret of the Old Clock. Nancy wa Mildred alikuwa na umri wa miaka 16, ana gari lake mwenyewe, anaendesha usiku, anabishana na watu wazima na hasubiri mvulana aje kumwokoa. Gurudumu likipasuka, anabadilisha mwenyewe.

Stratemeyer hakupendezwa sana. Alimwona Nancy ni mjuaji kupita kiasi. Lakini wachapishaji, kampuni ya Grosset & Dunlap, walivipenda vile vitabu na kuvitoa. Siku 12 baada ya vitabu kuingia sokoni, Stratemeyer akafariki. Hakuishi kuona msichana aliyemtilia shaka akiwapiku wavulana wa mifululizo mingine kwa mauzo.

Mabinti zake wawili, Harriet na Edna, wakachukua usukani wa kampuni. Na hapo ndipo mambo yakaanza kuwa magumu.

Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka. Ofisi ikapunguza malipo, kutoka dola 125 hadi 75 kwa kitabu. Kitabu ni kilekile, kurasa ni zilezile, sura 25 au karibu na hapo. Mildred alifanya jambo ambalo wengi wetu huogopa kufanya: alikataa. Kitabu cha nane, cha tisa na cha kumi vikaandikwa na mwanamume mmoja mwanahabari, Walter Karig. Baadaye Mildred alirudi kwenye kazi hiyo. Kati ya vitabu 30 vya kwanza vya Nancy Drew, yeye aliandika 23.

Wakati huohuo alikuwa akiandika vitabu vingine kwa majina mengine. Kuna mwaka mmoja alimaliza vitabu 13. Ukijumlisha vyote alivyoandika maishani, vinapita 130. Baadhi vilibeba jina lake halisi, na alichokipenda zaidi ni mfululizo wa Penny Parker, binti wa mhariri wa gazeti ambaye hupeleleza kesi na kuziandika habari. Vilitoka 17. Mildred alimpenda Penny kuliko Nancy. Lakini soko lilimpenda Nancy, na soko halina huruma.

Usidhani alikuwa ameketi mahali patulivu huku chai ikiletwa. Mwaka wa 1928 aliolewa na Asa Wirt, mfanyakazi wa shirika la habari la Associated Press. Walijaliwa binti mmoja mwaka wa 1936. Baadaye familia ikahamia Toledo, jimbo la Ohio. Mume akaanza kuugua, akapatwa na kiharusi mara kadhaa. Mildred akawa anaandika hadithi za msichana asiyeshindwa na lolote, huku nyumbani akimlea mtoto na kumuuguza mume. Mwaka wa 1947 Asa alifariki.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka wa 1944, alikuwa ameingia gazeti la Toledo Times. Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanaume wengi wako jeshini, na alielezwa kwamba nafasi yake huenda isidumu wanaume wakirudi. Akaamua atafanya kazi kwa bidii hadi washindwe kumfuta. Alikaa katika magazeti ya mji huo kwa miaka 58, kwanza Toledo Times, kisha The Blade.

Mwaka wa 1950 aliolewa tena, na George Benson, mhariri wa gazeti. Naye alifariki mwaka wa 1959. Mildred, mjane kwa mara ya pili, hakujifungia ndani. Alikaribia miaka 60 alipojifunza kurusha ndege na kupata leseni. Alisafiri hadi Amerika ya Kati kuyatazama magofu ya Wamaya. Mwaka wa 1986 shirika la NASA lilipotafuta mwanahabari wa kupeleka anga za juu, bibi huyu wa miaka 80 aliomba nafasi hiyo.

Kitabu chake cha mwisho cha Nancy Drew kilitoka mwaka wa 1953. Baada ya hapo Harriet Adams, binti wa Stratemeyer, alianza kuviandika mwenyewe. Kuanzia mwaka wa 1959 vile vya zamani vikaanza kufanyiwa marekebisho. Vilifupishwa, na maneno ya kuwadharau watu weusi na wageni yakaondolewa, jambo ambalo lilistahili. Lakini Nancy naye alipunguzwa ukali. Yule mjuaji wa Mildred akawa msichana mpole zaidi, mwenye adabu za kupendeza wageni. Na mashabiki walipouliza Carolyn Keene ni nani, Harriet alijitokeza na kusema ni yeye, tangu kitabu cha kwanza.

Mildred alisikia, akanyamaza. Alikuwa ametia sahihi.

Kilichofungua sanduku ni ugomvi wa pesa ambao haukumhusu. Kampuni ya Harriet ilitaka kuhama kutoka Grosset & Dunlap na kupeleka vitabu vipya kwa Simon & Schuster. Grosset wakaenda kortini. Kesi ilisikizwa New York mwaka wa 1980, na Mildred, akiwa na miaka 74, akaitwa kutoa ushahidi.

Harriet alipomwona alishtuka. Inasemekana alidhani Mildred alikufa zamani. Mbele ya hakimu zikatolewa barua na mikataba iliyokuwa imelala kwenye makabati miaka yote hiyo. Sahihi zilikuwepo. Tarehe zilikuwepo. Kiasi cha malipo kilikuwepo. Yale makaratasi yaliyomnyima jina ndiyo yaliyothibitisha kwamba yeye ndiye aliyeandika.

Habari zilichukua muda kuenea. Mwaka wa 1993 Chuo Kikuu cha Iowa, pale aliposomea, kiliandaa kongamano kuhusu Nancy Drew, na Mildred akawa mgeni wa kuheshimiwa. Simu zikaanza kumiminika, wanawake wazima wakimwandikia kumshukuru kwa kuwapa ujasiri walipokuwa wadogo. Mwaka wa 2001 chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi nchini Marekani kilimpa tuzo maalum ya Edgar. Taipureta yake ya Underwood ipo katika makumbusho ya Smithsonian.

Pesa za mrabaha? Hakupata, na hakulalamika. Kilichomkera ni mtu mwingine kudai kazi ya mikono yake.

Mei 28, 2002, Mildred alienda kazini The Blade kama kawaida kuandika safu yake. Alikuwa na miaka 96. Aliugua akiwa ofisini, akapelekwa hospitalini na kufariki siku hiyohiyo.

Kwa nini tunamkumbuka leo hapa kwetu? Kwa sababu wapo vijana wengi Roysambu, Rongai na Eldoret wanaokesha na laptopu wakiandika makala, hadithi na hata vitabu ambavyo vitabeba jina la mtu aliye ng'ambo. Malipo yanaingia kwa simu, kazi inaondoka, na hakuna atakayejua ni nani aliyeandika. Si dhambi. Mildred alilipa bili kwa njia hiyohiyo, na akaifanya kazi ya jina lisilo lake kwa moyo kana kwamba ni lake.

Ila chunguza alichofanya pembeni. Alikuwa na kazi nyingine iliyobeba jina lake. Bei iliposhuka kupita kiasi, alikataa. Na karatasi zilibaki. Kwa hivyo kabla hujabonyeza kitufe cha kukubali, soma mkataba hadi mstari wa mwisho, ujue unauza nini na unabaki na nini. Halafu hifadhi nakala.

Na ukikiona kile kitabu kwenye kibanda, kinunue. Jina lililo kwenye jalada si lake. Ila yule msichana anayebadilisha gurudumu mwenyewe, huyo ni Mildred.