Neville Chittick

Hubert Neville Chittick (1924 – 1984) alikuwa mwanaakiolojia kutoka Uingereza aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani nchini Tanzania na ya Manda nchini Kenya. Anajulikana kwa kupanga historia ya miji ya Waswahili kwa kufuata vigae vya vyungu, na pia kwa mjadala mrefu uliotokana na maoni yake kuhusu waanzilishi wa miji hiyo.

Maisha

Chittick alifanya kazi katika idara ya mambo ya kale ya Sudan kabla ya kuja Tanganyika mwaka 1957 kuongoza idara mpya ya mambo ya kale. Kuanzia 1961 hadi 1983 alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika ya Mashariki. Alihariri jarida lake, Azania, lililoanza kutolewa mwaka 1966. Azania ni jina la kale la pwani hii. Linapatikana katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, ambao unataja pia bandari ya Rhapta.

Uchimbaji

Kazi yake kubwa ilikuwa Kilwa, kati ya 1958 na 1965. Alichimba msikiti mkuu, jumba la Husuni Kubwa na makazi ya kawaida. Chungu kikivunjika hutupwa, lakini kigae chake hakiozi. Hivyo kila tabaka la udongo hubaki na vigae vya wakati wake. Vyombo kutoka Uchina na Ghuba ya Uajemi vilimsaidia kukadiria umri wa tabaka, pamoja na sarafu za masultani wa Kilwa. Matokeo yalitolewa mwaka 1974 katika juzuu mbili.

Kuanzia 1966 alichimba Manda, karibu na Lamu. Mwaka 1975 alifanya utafiti Ras Hafun, Somalia, ambako vilipatikana vigae vya vyombo vya kale vilivyotoka nchi za Mediteranea, Mesopotamia na Uhindi. Vilionyesha kwamba biashara inayoelezwa na mwongozo ule wa Kigiriki ilifika kweli kwenye pwani ya Afrika.

Mjadala kuhusu asili ya miji

Chittick aliona kwamba miji ya kwanza ilianzishwa na wageni kutoka Ghuba ya Uajemi. Huko Manda alitegemea wingi wa vyombo vya kigeni katika matabaka ya chini. Hata hivyo, Kilwa vigae vingi zaidi vilikuwa vya vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa na wenyeji.

Wataalamu waliofuata walianza na vyungu hivyo vya wenyeji. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akaonyesha mji uliokua kutoka kijiji cha wenyeji. Mtanzania Felix Chami alionyesha uhusiano wa vyungu vya pwani vyenye mapambo ya pembetatu na ufinyanzi wa wakulima wa Kibantu waliotangulia. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana pia mbali na bahari, kwa mfano Dakawa katika Mkoa wa Morogoro, karibu na mto Wami. Leo wataalamu wengi hukubali kwamba miji hiyo ilijengwa na Waafrika wa pwani waliofanya biashara na wageni na kuoana nao.

Urithi

Chittick alifariki mwaka 1984, mwaka ambao kitabu chake kuhusu Manda kilitolewa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ingawa maoni yake kuhusu waanzilishi yamekataliwa na wengi, mpangilio wake wa vipindi vya Kilwa umekuwa msingi wa utafiti uliofuata. Kwa kuwa aliandika na kuchora vigae vya wenyeji pamoja na vya kigeni, waliompinga waliweza kutumia ushahidi alioukusanya mwenyewe.