Manute Bol, mchungaji wa ng'ombe ambaye wapimaji wa NBA walishindwa kumpima

Kila mwaka ekipe za NBA huko Marekani hukaa na kuchagua kwa zamu vijana wapya, wengi wao wakitoka vyuo vikuu. Uchaguzi huo unaitwa drafti. Kongo, mtu akisikia neno hilo hukumbuka Dikembe Mutombo, aliyetoka chuo kikuu cha Georgetown na kuchukuliwa na Denver Nuggets katika nafasi ya 4 mwaka 1991. Lakini miaka sita kabla ya Mutombo, jirani wa kaskazini alikuwa amekwisha kupita katika mzani huo huo, na mzani ukakosa la kusema. Jina lake Manute Bol.

Alizaliwa kusini mwa Sudani, upande wa Turalei, katika kabila la Wadinka, watu warefu wanaoishi kwa ng'ombe. Karatasi zinasema alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 1962. Karatasi hizo si za kutegemea sana. Kevin Mackey, mmoja wa makocha wake wa kwanza Marekani, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba tarehe hiyo aliitunga yeye, kwa sababu hakuna aliyejua tarehe ya kweli. Kwa mpimaji wa wachezaji jambo hilo si dogo. Kijana wa miaka 19 bado ana nafasi ya kukua na kujifunza, lakini mtu wa miaka 28 amekwisha fika pale atakapofika. Ekipe ziliombwa zikadirie kesho ya mtu ambaye jana yake haikujulikana.

Urefu wake ndio haukuwa na ubishi: mita 2 na sentimita 31. Hata hivyo paspoti yake ya kwanza ilimwandika kama mtu mfupi kuliko wanawake wengi wa sokoni, yaani kama mita moja na nusu hivi. Sababu iliyotolewa ni kwamba alipimwa akiwa amekaa.

Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake. Alianza na mpira wa miguu, akauacha kwa ajili ya urefu, kisha akajifunza basketi mjini Wau na baadaye Khartoum. Mara ya kwanza alipojaribu kutia mpira kikapuni kwa mkono wa juu, alijigonga kwenye kikapu na kuvunja meno. Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Don Feeley, alifika Sudani kufundisha makocha na wachezaji. Alipomwona Bol alimshauri aende Marekani, na kumpigia habari rafiki yake Jim Lynam, kocha wa San Diego Clippers.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza. Mwaka 1983 Clippers walimchagua katika duru ya tano, nafasi ya 97, bila hata kumwona akicheza. Uongozi wa NBA ulifuta uchaguzi huo kwa sababu Bol hakujiandikisha siku 45 kabla ya drafti kama sheria ilivyotaka. Hakujua Kiingereza, hivyo alipelekwa Cleveland kujifunza lugha. Chuo cha Cleveland State, alikokuwa kocha Mackey, kilitaka kumchezesha lakini hakucheza hata dakika moja. Baadaye chuo hicho kiliadhibiwa kwa misaada ya pesa waliyopewa Bol na Waafrika wengine wawili kinyume cha kanuni.

Mwishowe alipata nafasi katika chuo kidogo, University of Bridgeport, jimbo la Connecticut, ambacho kilicheza daraja la pili la vyuo. Katika msimu wa 1984-85 Bol alifunga wastani wa pointi 22.5 kila mchezo, akaokota mipira 13.5 na kuzuia mitupo 7.1. Ekipe ilishinda michezo 26 na kupoteza 6. Ukumbi ambao zamani ulikuwa na watu mia chache ukaanza kujaa.

Swali likawa: hesabu hizo zina thamani gani? Anayenunua kasiterite Punia hatazami uzito wa mfuko peke yake, anataka kujua bati iliyomo ni kiasi gani, maana mfuko mzito unaweza kuwa mchanga. Wapimaji wa NBA walifanya vile vile. Walijua kwamba vijana aliowazuia Bridgeport walikuwa wafupi na wepesi kushindwa. Walijua pia kwamba mwili wake ulikuwa na kilo zipatazo 82 tu, mzigo mdogo mno kwa urefu ule. Katika NBA angekutana na wanaume wa kilo 110 na zaidi wanaosukumana chini ya kikapu usiku kwa usiku. Wengi waliogopa kwamba angevunjika. Wengine walimwona kama kichekesho cha kuuzia tiketi.

Tarehe 18 mwezi wa sita mwaka 1985, New York Knicks walimchukua Patrick Ewing katika nafasi ya kwanza. Washington Bullets walimchukua Bol katika duru ya pili, nafasi ya 31. Wachezaji thelathini walichaguliwa kabla yake. Haikuwa ujinga. Kila hofu waliyokuwa nayo ilikuwa na msingi, na baadhi ilithibitika: Bol hakuwa mfungaji hata siku moja, na mikono yake ilipata taabu kudaka mpira. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mchezaji lazima ajue mambo mengi ndipo afae. Bullets walitafuta jambo moja tu.

Walimpeleka kwanza kwa mtaalamu wa kujenga mwili katika chuo kikuu cha Maryland. Mwanzoni alishindwa na vyuma ambavyo mwanafunzi wa kawaida angeviinua. Pole pole aliongeza kilo. Kisha mchezaji mkuu wa katikati wa Bullets, Jeff Ruland, akaumia, na Bol akaingia uwanjani mapema kuliko ilivyopangwa.

Msimu wa 1985-86 alizuia mitupo 397 katika michezo 80, karibu mitano kila mchezo. Hakuna mgeni wa NBA aliyewahi kufikia idadi hiyo. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 1986 alizuia 15 katika mchezo mmoja dhidi ya Atlanta. Mtu mmoja tu amemzidi kwa mitupo ya msimu mmoja: Mark Eaton wa Utah, aliyezuia 456 mwaka uliotangulia. Huyo naye aliwahi kuwa fundi wa magari, akachaguliwa katika duru ya nne. Inaonekana wapimaji wa wakati ule walikuwa na shida na watu warefu wasiofunga.

Bol alicheza miaka kumi, Washington, Golden State, Philadelphia na Miami. Mwaka 1987 Bullets walimwekea pembeni Muggsy Bogues, mwenye mita 1 na sentimita 60, na picha zao wawili zikazunguka dunia. Golden State kocha Don Nelson alimruhusu kutupa kutoka mbali. Mingi ilikosa, lakini mwezi wa tatu 1993, akiwa Philadelphia, alitia sita ya pointi tatu katika nusu moja ya mchezo dhidi ya Phoenix. Alipomaliza alikuwa na michezo 624, pointi 1,599 na mitupo 2,086 aliyoizuia. Hakuna mwingine mwenye maisha marefu katika NBA ambaye amezuia kuliko alivyofunga.

Pesa hazikubaki mfukoni. Vita ya kusini mwa Sudani ilikuwa imeanza upya mwaka 1983, na Bol alihesabu ndugu na jamaa zaidi ya mia mbili waliouawa. Alitembelea kambi za wakimbizi na kutoa mali yake kwa watu wa kusini; inakadiriwa alitoa dola milioni 3.5. Miaka ya mwisho ya 90 alirudi Khartoum akiamini mapatano ya amani. Kwa maelezo yake, aliahidiwa cheo serikalini, akakataa sharti la kuwa Mwislamu. Baadaye alizuiwa kutoka nchini, akaishi kwa shida. Mwaka 2001 alipata njia ya kwenda Misri, na mwaka 2002 akaingia Marekani tena, safari hii kama mkimbizi.

Ili kupata pesa za mfuko wake wa msaada, alikubali kupigana ndondi kwenye televisheni na William Perry, jitu la mpira wa Kimarekani ambalo Chicago Bears walilichagua katika duru ya kwanza mwaka ule ule wa 1985. Bol alishinda. Watu wengi walicheka, naye aliruhusu wacheke mradi pesa zifike. Mwaka 2004 ajali ya teksi huko Connecticut ilimvunja shingo, na hakuwa na bima.

Alipopona kidogo alishika kazi ya kujenga shule Turalei. Mwaka 2010 alikuwa huko tena, akabaki kwa ajili ya uchaguzi wa mwezi wa nne ingawa alikuwa mgonjwa. Aliporudi Marekani figo zilikuwa zimechoka, na ngozi yake ilishikwa na ugonjwa mkali unaoletwa na dawa. Alifariki tarehe 19 mwezi wa sita 2010 huko Charlottesville, Virginia, akazikwa Turalei. Sudani Kusini ilipata uhuru mwaka uliofuata.

Mwanawe Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999, aliingia drafti ya 2019 akitoka chuo kikuu cha Oregon. Wengi walimtabiria duru ya kwanza. Wapimaji waliogopa mguu uliovunjika na mwili mwembamba, akashuka hadi nafasi ya 44, nafasi 13 chini ya baba yake.