Sir William McMillan: Bwanyenye wa Juja na kitendawili cha farasi

WASAFIRI wanaotoka Nairobi kuelekea Thika huliona jina la Juja katika mabango ya maduka, katika vituo vya matatu na juu ya majengo ya kukodi yanayowahifadhi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Si wengi wanaokumbuka kwamba zaidi ya karne moja iliyopita Juja lilikuwa jina la shamba la mtu mmoja, Mmarekani mwenye mwili mkubwa na mali isiyohesabika, aliyekuja nchini kuwinda akaishia kuwa mlowezi.

Mtu huyo alikuwa William Northrup McMillan. Alizaliwa mwaka 1872 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuunda mabehewa ya reli, na utajiri wa kiwanda hicho ndio uliomwezesha mwana kuishi bila kulazimika kuajiriwa. Alimwoa Lucie Webber mwaka 1894, na baada ya muda wakahamia Uingereza, ambako tajiri kijana aliingiwa na hamu ya Afrika.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kubwa, na liliambulia patupu. Mwaka 1903 alifika Ethiopia kwa Mfalme Menelik wa Pili, akiwa na azma ya kuuteremka mto Nile ya Buluu kwa maboti ya chuma kutoka nyanda za juu hadi Sudan. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Maboti yalichukuliwa nchi kavu hadi mtoni, yakaingizwa majini mwezi Juni, na punde si punde mawimbi na miamba ikayavunja. Fedha za mabehewa ya reli zilizama pamoja na shehena. McMillan hakukata tamaa na bara hili. Aliingia katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, kama Kenya ilivyoitwa wakati huo, akapata ardhi karibu na mahali mto Nairobi unapokutana na mto Ruiru.

Shamba hilo lilikuwa na karibu ekari 20,000. Kuhusu jina lake, inasimuliwa kwamba McMillan alikuwa na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja. Nyanda zenyewe hazikuwa tupu, hata kama ramani za serikali ziliandika hivyo. Zilikuwa malisho ya Wamaasai, na mkataba wa mwaka 1904 ulikuwa ndio kwanza uwasukume kwenye maeneo mawili yaliyotengwa, moja Laikipia na jingine kusini. Upande wa magharibi walikuwepo Wakikuyu wenye mashamba yao, na mashariki, kuelekea mlima Ol Donyo Sabuk ambao wengi huuita Kilimambogo, walikuwepo Wakamba.

Mwenye shamba la ukubwa huo alihitaji kuzunguka. Motokaa zilikuwa chache na barabara hazikuwepo. Ndipo swali lililowakabili walowezi wote wa nyanda za Athi lilipomfikia pia bwana wa Juja: ni farasi gani afaaye, na anunuliwe kwa nani?

Swali hilo lilihusu uhai wa mnyama na wakati mwingine wa mpandaji. Farasi wa Juja hakuweza kuwa wa kazi moja. Asubuhi alitakiwa ambebe mwenye shamba kukagua mifugo, mchana avute gari dogo hadi stesheni, na siku ya kuwinda asimame tuli mpandaji anaposhuka na bunduki, kisha akimbie kwa kasi simba anapogeuka. Mwaka 1911 George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliuawa na simba katika nyanda hizo hizo baada ya kumkimbiza kwa farasi na kumkaribia mno.

Walowezi walikuwa na masoko kadhaa ya kuchagua. Farasi wa nasaba kutoka Uingereza walishuka melini Mombasa wakiwa na vyeti vya ukoo wao, warefu, wepesi na wenye mbio. Walipendeza katika uwanja wa mbio jijini Nairobi, na wafugaji wa nyanda za juu za Njoro, kama Lord Delamere na Charles Clutterbuck, waliwathamini sana. Lakini Juja si Njoro. Iko chini zaidi, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mabonde yake ya mito hujaa wadudu baada ya mvua za masika.

Wadudu hao ndio waliokuwa adui. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wadogo wanaouma usiku, na farasi mgeni aliyelala malishoni karibu na maji angeweza kuonekana mzima jioni na siku chache baadaye akafa huku povu likimtoka puani. Penye vichaka palikuwa pia na mbung'o. Cheti cha ukoo hakikumkinga mnyama yeyote. Aliyekuwa na busara alimfungia farasi wake zizini kabla ya jua kutua, na ikiwezekana akampeleka mwinuko wa juu wakati wa masika.

Kulikuwa na farasi wadogo wa Kisomali na wa Kihabeshi, walioletwa na wafanyabiashara kupitia kaskazini kavu ya nchi. Hawakuwa na umbo la kusifiwa. Hata hivyo walikuwa na kwato ngumu, walitosheka na maji machache, na walikwenda siku nzima bila kulalamika. Kulikuwa pia na farasi kutoka Afrika Kusini, na miongoni mwao wachache waliowahi kuugua ugonjwa huo wakapona. Hao waliuzwa kwa bei iliyowazidi wengine mara kadhaa, na hapo ndipo udanganyifu ulipoingia, kwa kuwa kila muuzaji alikuwa na farasi aliyepona. Mnunuzi aliyejua kazi alitazama meno kukadiria umri, akainua kila mguu kukagua kwato, kisha akauliza jambo ambalo wauzaji hawakulipenda: mnyama huyu alikuwa wapi mvua mbili zilizopita, na ni nani aliyemwona akiwa hapo? Mfugaji aliyemzalisha farasi mwenyewe katika nchi hii, na angeweza kumwonyesha mama yake akila majani, alikuwa na thamani kuliko dalali yeyote wa bandarini.

Kwa McMillan kulikuwa na tatizo la ziada. Alikuwa mtu wa unene usio wa kawaida, na inasimuliwa kwamba mkanda wa upanga wake ulikuwa na urefu wa inchi 64. Farasi mkubwa ambaye angembeba kwa raha ndiye aliyekuwa rahisi kufa. Yule mdogo aliyeijua Afrika hakuwa na mgongo wa kumtosha bwana wa namna hiyo.

Wapo waliotafuta jibu porini. Katika shamba la serikali la Naivasha maafisa walijaribu kuwafuga punda milia na kuwazalisha na farasi, kwa hoja kwamba mnyama aliyezaliwa na magonjwa ya nchi asingeuawa nayo. Jijini Nairobi Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika mwaka 1900, aliwazuru wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia, na picha yake ingali inachapishwa hadi leo. Lakini daktari mmoja mwenye subira hawezi kuwa kielelezo cha nchi nzima. Punda milia ana moyo wa woga na huchoka upesi chini ya tandiko, na serikali ikaachana na jambo hilo.

Jibu jingine lilikuwa karibu zaidi. Wamaasai walikuwa na punda wao, waliobeba vyombo na ngozi za nyumba kutoka malisho hadi malisho tangu zamani, nao ugonjwa wa farasi haukuwatisha. Nyumbu wa kufugwa, yaani mtoto wa punda dume na farasi jike, naye alistahimili kuliko mama yake. Wote wawili walitumika sana kwa mizigo. Ila bwana wa Kizungu hakutaka kupigwa picha juu ya punda, na fahari hiyo iligharimu farasi wengi.

Mwezi Mei 1909 Juja ilipokea mgeni wake mashuhuri kuliko wote, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani miezi miwili tu kabla. Awali alikuwa amekwenda kwa farasi kutoka shamba la Sir Alfred Pease hadi nyumba ya pili ya akina McMillan katika milima ya Mua ili kunywa chai. Juja yenyewe aliikuta ikiwa na nyumba ya ghorofa moja iliyozungukwa na baraza, bustani ya maua, mashamba na mifugo. Mwanawe Kermit aliua chui huko, na baba akawinda viboko katika mto Ruiru. Roosevelt alikuwa na farasi wake na saisi wa kuwatunza. Lakini mahema, chumvi ya kukaushia ngozi, vitabu na vyakula vya msafara wake vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi wapatao 200.

Hapo ndipo maana halisi ya swali la farasi inapojitokeza. Mnyama aliposhindwa, mzigo haukuachwa njiani. Ulihamishiwa kwa mtu.

Vita Vikuu vya Kwanza vililithibitisha hilo kwa kiwango cha kutisha. Mwezi Agosti 1914 walowezi walimiminika Nairobi na farasi wao wenyewe kuunda kikosi cha wapanda farasi. McMillan aliingia katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, pamoja na rafiki yake, mwindaji Frederick Selous, aliyeuawa Januari 1917 huko Behobeho. Nyumba zake McMillan alizitoa ili askari majeruhi wapumzike. Jeshi la Uingereza lilipoingia katika ardhi ya Tanganyika mwaka 1916, farasi na nyumbu walikufa kwa makumi ya maelfu kutokana na mbung'o na ugonjwa. Badala yao wakaandikwa Waafrika, wengi kwa nguvu, na takwimu rasmi zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, hasa kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabebaji. Jirani yake, Ngara, ipo barabara ambayo jina lake linakumbusha uwanja wa zamani wa mbio za farasi.

McMillan alipewa cheo cha Sir mwaka 1918, na mwaka 1920 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ambako Mwafrika hakuwa na kura wala kiti. Afya yake ilizorota. Alifariki Machi 1925 akiwa Ufaransa, bila kuacha mtoto.

Mjane wake alijenga kwa kumbukumbu yake maktaba yenye nguzo nyeupe katikati ya Nairobi, kwa msaada wa taasisi ya Carnegie. Ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Milango ilikuja kufunguliwa kwa wote uhuru ulipokaribia.

Kuhusu mazishi yake, McMillan alikuwa ametamani kulala kwenye kilele cha Kilimambogo, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shamba lote lingeonekana. Mwili uliletwa kutoka ng'ambo na kupandishwa mlimani kwa trekta. Inasimuliwa kwamba mteremko ulikuwa mkali, klachi ikaungua, na trekta likagoma kabla ya kufika juu. Kaburi likachimbwa pale pale. Lady Lucie, aliyefariki mwaka 1957, amezikwa kando yake, pamoja na mtumishi wao wa nyumbani na mbwa wao, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 1967 ni mbuga ya taifa na ambalo nyati wangali wanalitembea.